Jicho Anatafuta Bunduki

Benchi liko nje ya duka langu, kati ya friji la barafu na pampu ya dizeli, pale barabara ya bondeni inapokutana na lami. Sikuliweka kwa ajili ya wazee. Nililiweka kwa ajili ya wateja wanaosubiri mitungi yao ya gesi. Lakini huku milimani West Virginia ukiweka ubao juu ya matofali mawili na birika la kahawa karibu, umeshajitafutia wapangaji. Wangu ni watatu. Denzil Cogar tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Arlie Sayre ni Msumari, kazi yake mgodini ilikuwa kupigilia nondo za kushikilia dari. Hobert Casto ni Jicho, maana kwenye mashindano ya kulenga shabaha ya kadi pale kituo cha zimamoto watu walikuwa wanajua zawadi ni ya nani kabla hajafyatua. Mimi ni Nedra, ndiye ninayepika hiyo kahawa, na kiangazi kile nusura nilichome moto lile benchi.

Ilianza siku Jicho aliposema anataka bunduki mpya. Ndogo, ya risasi za nambari ishirini na mbili, ile ya kindi na ya kulengea shabaha. Akasema hivyo tu. Jicho si mtu wa maneno.

Redio akadaka. Alimshauri achukue inayojipakia yenyewe, kwa kuwa kindi hasubiri mtu. Msumari akasema hiyo ni silaha ya watu wasiojua kulenga. Yeye ni mtu wa komeo: unavuta, unasukuma risasi moja, unafunga, unatulia.

— Hilo komeo litamchelewesha, bwana. Kindi ataoa na kupata wajukuu kabla hajavuta mara ya pili.

— Mara ya pili ya nini? Mtu akilenga anapiga moja.

— Wewe lini ulipiga moja?

Asubuhi nzima ikaenda hivyo. Kesho yake wakaanzia palepale walipoachia. Wakaingia kwenye darubini: Redio anaitaka, kubwa, Msumari anasema kindi anaona mng'ao wa kioo tangu ng'ambo ya mto. Wakaja kwenye risasi. Redio akadai kindi wa upande wetu wa mlima wamezaliwa karibu na machimbo ya kokoto, kwa hiyo wanatofautisha mlio wa risasi ya bei rahisi na ya bei ghali, na ile ya bei rahisi hawaikimbii hata kidogo, wanaidharau tu, wanakaa wanakutazama. Msumari hakukubali kuachwa nyuma. Akasema shida yote ni kitako cha plastiki. Kindi analala kwenye mti wa jozi, anakula jozi, kwa hiyo ukienda na kitako cha mbao ya jozi anakuona ndugu, ukienda na plastiki anakunusa.

Niliwaambia waende dukani mjini, washike bunduki, waiweke begani, warudi. Walinitazama kama nimetukana kanisani.

Aliyeniudhi kuliko wote ni Jicho mwenyewe. Kila ubishi ulipoanza kupoa, aliuchochea kwa kaswali kadogo.

— Na ya mtutu mfupi je?

Basi. Wote wawili wanaamka upya, na mimi nachemsha birika jingine. Msimu wa kuwinda kindi ulikuwa umekaribia kufunguliwa, na hakuna aliyekuwa amenunua hata risasi.

Wiki hiyo gari la mkate lilikuwa na dereva mpya, dada mmoja anaitwa Corliss, si wa bonde letu. Alishusha kreti zake huku akiwasikiliza. Hakucheka. Alipomaliza akasimama mbele ya benchi akajifuta mikono.

— Samahani, mzee, akamwambia Jicho. — Hiyo uliyonayo ina shida gani?

Redio alifungua mdomo, halafu akamtazama Msumari. Msumari akamtazama Jicho. Nami niliyekuwa mlangoni na kitambaa cha kufutia nikajikuta namtazama yeye vilevile. Kiangazi chote hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza.

Jicho akanyoosha mkono wake wa kulia mbele, kiganja chini, kama mtu anayeonyesha kimo cha mtoto. Ulikuwa unatetemeka. Hakuuzuia. Aliuacha utetemeke mpaka wote tumeona.

— Haina shida, akasema. — Baba aliniachia nzima, na bado ni nzima.

Corliss akasema pole. Nadhani alijuta kuuliza, lakini Jicho alimwambia hajakosea kitu, na dada wa watu akaenda zake, maduka mengine yalikuwa yanamsubiri.

Msumari alikuwa amekasirika kweli, uso umemwiva.

— Yaani muda wote huu unatuacha tunagombana kama wehu, na wewe unajua?

— Mkigombana kuhusu bunduki, Arlie, hakuna anayenitazama mikono.

Hapo akatueleza, kidogo kidogo, macho yakiwa barabarani. Ilimwanza wakati wa baridi, akifunga kamba za viatu. Majira ya kuchipua, pale kituo cha zimamoto, risasi zake zote zilipita pembeni ya kadi, akawaambia watu mtutu umechakaa. Kwa daktari hakuwa amekwenda. Baba yake naye ilimwanza mkononi, na mwisho alikuwa akilishwa kwa kijiko. Alikuwa akitafuta bunduki nzito kiasi cha kuutuliza ule mkono, au nyepesi, au yoyote, mradi asilazimike kusema. Na mkewe Mavis alikuwa hajui.

— Sasa nitamwambiaje?

Redio, aliyekuwa na jibu hata la mambo ambayo hayajatokea, akainama akaangalia viatu vyake.

— Mwambie kama ulivyotuambia sisi, nikasema. — Na uende sasa hivi, kabla Redio hajamfikia Mavis.

Akainuka. Gari lake lilichukua muda kuwaka, kisha likaondoka.

Siku zilizofuata Jicho hakuonekana. Wale wawili walikaa na nafasi katikati yao, wakinywa kahawa bila kubishana, na nakiri kimya kile kiliniudhi kuliko kelele.

Halafu akaja Mavis, na Jicho nyuma yake. Mavis ni mwanamke mfupi, mwimbaji wa kanisani, na hajawahi kukaa kwenye lile benchi. Hata siku hiyo hakukaa. Alituambia alijua tangu Pasaka. Alikuwa anasubiri mwanamume aseme mwenyewe. Wameshakwenda kwa daktari, ugonjwa una jina, dawa zipo, za kutuliza, si za kuponya. Hilo lilikwisha. Kilichomleta ni kingine.

— Anasema yeye ataona, mimi nifyatue. Sijashika bunduki maisha yangu yote. Nataka inayonifaa mimi. Na nyie wawili mkae kimya, aseme yeye.

Redio alikuwa ameshavuta pumzi. Ikabidi aimeze.

Jicho akasema ya komeo, nyepesi, kitako kifupi kinachokaa kwenye bega la Mavis, bila mbwembwe. Waende dukani azishike zote. Ile atakayoinua ikatua begani bila yeye kuitafutia mahali, ndiyo hiyo. Msumari akaitikia kwa kichwa kama vile yeye ndiye aliyesema.

Asubuhi msimu ulipofunguliwa, wale wawili walikaa benchini wakisikiliza mlimani. Mlio mmoja. Kimya kirefu. Mlio wa pili. Redio akasema huo wa pili una haraka. Msumari akamwambia anywe kahawa yake.

Jua lilikuwa limeshapanda waliposhuka. Mavis aliingia dukani na kindi mmoja kwenye mfuko, majani yamemnasa kwenye nywele, uso wa mtu aliyebakiza kidogo apige yowe. Nje, Jicho hata hakukaa. Amesimama mbele ya wenzake, mikono yote miwili hewani, inatetemeka inavyotaka, anawaeleza jinsi mkewe alivyovuta pumzi pasipotakiwa, jinsi yule kindi wa kwanza alivyokaa wazi tawini, jinsi alivyomnong'oneza asubiri naye asisubiri.

Mavis akaegemea kaunta.

— Nipe kahawa, Nedra. Tangu alfajiri huyu mtu hajanyamaza.