Usukani kwa Morio, Kioo kwa Sayo

Punguza injini, Morio, na wewe Sayo, vuta hili blanketi lisinizibie kioo cha sakafu ya boti, halafu mnisikilize wanangu, maana pumzi iliyobaki hainitoshi kusema jambo mara mbili.

Miaka yote niliyowatembeza wageni katika ghuba hii ya Kabira, sijawahi kukaa hapa wanapokaa wao. Mimi nilikuwa usukanini, macho mbele, aliyeinamia kioo ni marehemu mama yenu, akiwaonyesha wageni samaki huku akinipigia kelele, "Kulia, mzee! Unatupandisha mwambani, umelala?" Nami nageuza bila ubishi, wageni wanacheka, wanadhani tunawafanyia mchezo. Haukuwa mchezo. Aliye usukanini haoni kilicho chini yake, na aliye kwenye kioo haoni kilicho mbele, na hivyo ndivyo tulivyowalea ninyi.

Sasa mali. Nyumba pamoja na vibao vya majina ya wazee wetu waliotangulia ni vya Morio, ndiye mkubwa, na ubani usikose kuwashwa. Shamba la mananasi ni la Sayo. Boti hii haigawanyiki: usukani nampa Morio, kioo nampa Sayo, na asithubutu mtu kuiuza.

Msinune. Tangu msimu ule matumbawe yalipogeuka meupe hamjasalimiana, na moyo wangu umeuma kuliko hili tumbo. Sayo, uliwaambia wageni kwamba bahari imepata joto na matumbawe yanaumwa, kaka yako akakufokea mbele yao, "Wamekuja kuona maua, wewe unawaonyesha msiba!" Nawe ukamwita tapeli. Morio, mwache dada yako aseme kweli, kwani wageni nao wana macho. Na wewe Sayo, kaka yako si tapeli, ana watoto wa kusomesha, aliingiwa na hofu. Tena tazama pale, kwenye ule weupe, rangi ya kahawia imeanza kurudi. Hayakufa yote. Nimefurahi, kweli nimefurahi kujionea mwenyewe.

Nikiondoka, niwekeni pamoja na mama yenu. Siku ya kuwalisha wazee makaburini mje wote wawili, mtandike mkeka mmoja, mle nyama na mikate ya mchele, mcheke kwa sauti tuwasikie. Nimewaridhia, wanangu. Bahari iwapokee na iwarudishe nyumbani, ninyi na watoto wenu.

Maji yanakupwa... Sayo, huo mwamba umeuona. Umeuona, ndiyo maana umenishika mkono hivi. Usiniambie mimi, mama. Mimi si nahodha tena. Mwambie yeye.

Unakaribia... Mwite kaka yako.

Kwa sauti, mwanangu, hasikii.

Haya... Morio, umeitwa. Itika.