Kasoro: Inafunguka

Wapendwa, nani hapa hajawahi kutupa taa nzima ya sola kwa sababu betri ilikufa na hakukuwa na pa kuifungulia?

Guka yangu, babu mzaa mama, marehemu Mzee Ngigi wa Kamande, hakutupa. Alizaliwa Mai Mahiu tarehe 14 Machi 1951, akasoma huko hadi darasa la saba mwaka wa 1966, karo ikakosekana, akaja Nakuru kufunzwa redio na fundi Odongo, na mwaka wa 1974 akafungua kibanda chake.

Tarehe 9 Desemba 1978 alimuoa cucu wetu, nyanya Wamuyu, ingawa nusura akose, maana siku ya kwenda ukweni alikuta redio ya baba mkwe imenyamaza, akaifungua mbele ya wazee, akaifunga, ikaimba, lakini skrubu moja ikabaki mezani, na mkwe akamuuliza, "Na binti yangu, utamrudisha amepungua nini?" Hiyo skrubu cucu ameivaa shingoni leo, muangalieni.

Walijaliwa watoto watatu, mmoja wao mama yangu Wariara, na mimi ni Waithera, degree ya engineering, Second Upper, natarmac, natafuta kazi, tangu 2021, lakini guka ndiye alinifunza kuwa kitu cha kubandikwa na gundi huzaliwa kikiwa takataka. Tukaunda taa yetu, skrubu nne saizi moja, gundi zero, betri ikifa unabadilisha betri tu, na cucu anaifungua kwa ncha ya kisu cha jikoni.

Tarehe 3 Mei 2023 tukaipeleka kwa ofisi ya kuidhinisha bidhaa, ikarudi na fomu, na kwenye sehemu ya kasoro wameandika neno moja: Inafunguka. Guka alicheka hadi akaketi chini, akaifunga hiyo fomu kwa skrubu mlangoni, wateja wakaongezeka, tukaandika barua ya rufaa, na jibu ni kimya mpaka leo.

Januari mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, akalazwa, akaaga tarehe 6 Juni 2025, saa nne asubuhi, mkono wake kwa mkono wa cucu. Twawashukuru madaktari na manesi waliovumilia akiuliza mashine zao zinafunguliwa wapi, majirani kwa chai isiyokatika, na mafundi wenzake waliofunga kazi kuja.

Guka, pumzika kwa amani, skrubu yako haijapotea.

Na nyinyi wa ofisi, najua mmoja wenu ameketi kwa hema ya nyuma, karibu chakula, boss, ushibe, lakini Jumatatu asubuhi fungueni hiyo file.