Mama Ndunguru na Watoto Walioitwa Wapole

Tarehe 30 Juni 2008, Bi. Felomena Ndunguru, Muuguzi wa Afya ya Mama na Mtoto, anastaafu kwa mujibu wa sheria baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ameimaliza Nachingwea na Ruangwa, akigombana na karibu kila mtu aliyemwambia asubiri. Tumeambiwa nafasi yake haitajazwa, na kwamba kliniki ya Alhamisi, ile ya watoto wadogo wasiosikia, nayo itapumzika pamoja naye. Hilo tutalijibu, ila kwanza tueleze habari zake mwenyewe.

Alizaliwa Mbinga, akasomea uuguzi misheni, akaletwa Nachingwea mwaka 1981 akiamini atakaa kidogo tu. Kimwera, lugha ya huku, alijifunzia kwenye foleni ya mizani ya watoto, huku akichekwa. Hadi leo akifungua kinywa kukizungumza, akina mama wa kijiji cha Chiola hushika mbavu. Yeye hajali, anaendelea tu kukosea kwa sauti kubwa.

Ukali wake una chanzo. Mwishoni mwa miaka ya themanini aliletewa mtoto wa kijiji cha Mtua, Davis, mwenye kidonda mguuni. Alikuwa na miaka kama kumi, mwepesi wa kuelewa kwa macho, hodari wa kupalilia mikorosho. Lakini hakusikia tangu kuzaliwa, na hakuna aliyewahi kumpa lugha yoyote, ya mdomo wala ya mikono. Hakujua kwamba ana jina. Hakujua kama mama yake naye ana jina, wala kwamba kuna kitu kinachoitwa kesho. Bi. Felomena alifunga kidonda, akaenda nyuma ya jengo, akalia. Aliporudi alikuwa na hasira, na hasira hiyo hatujaiona ikiisha.

Alijiuliza Davis alikuwa wapi alipokuwa mchanga. Jibu lilimchoma: alikuwa hapo hapo kliniki, akining'inia kwenye mizani, na kila akipimwa anasifiwa. Huku kwetu mtoto asiyeshtuka ovyo, anayelala fofofo bibi akitwanga muhogo mlangoni, huitwa mpole. Mama hupongezwa, uzito huandikwa, anaitwa mwingine.

Tangu hapo neno hilo likawa adui yake. Mama akisema tu kwamba mwanawe ni mpole, Bi. Felomena alimwachia mwenzake amchekeshe mtoto, yeye akapita nyuma na kugonga mfuniko wa sufuria, aone kama atageuka. Kliniki ikawa na kelele kama harusi. Mkubwa wake wa wakati ule alimkataza. Aliitikia kwa adabu kabisa, kisha akatafuta mfuniko mkubwa zaidi.

Mfuniko huo ndio uliomgundua Semeni wa Chiola mwaka 1996, akiwa hajatimiza miaka miwili. Jina lilitoka kwa bibi yake, na majirani walishaanza kulifanyia utani: Semeni asiyesema. Mama yake, Rukaiya, alipoambiwa mtoto hasikii alimfunga mgongoni akaondoka bila kuaga. Bi. Felomena aliazima baiskeli akamfuata hadi nyumbani. Bibi alimkaribisha vizuri, akamweleza kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Huyu ulimi wake nzito tu, nesi. Baba yake naye kachelewa. Akifika miaka saba, tutapeleka shule ya bubu."

Kuhusu neno bubu, Bi. Felomena alisema maneno ambayo hatuwezi kuyachapa kwenye ratiba ya sherehe. Kuhusu ile miaka saba alikaa mkekani mpaka jua likazama. Alieleza kwamba mtoto huanza kuitafuta lugha tangu akiwa wa kubebwa, na akiikosa kwa masikio huipokea kwa macho bila shida yoyote. Lakini akiikosa kote mpaka siku ya kuanza shule, miaka hiyo hakuna mwalimu wa kumrudishia. Alhamisi iliyofuata Rukaiya alikuwa wa kwanza mlangoni.

Tatizo ni kwamba nesi mwenyewe hakujua lugha ya alama. Basi alikwenda sokoni kwa Andrea, fundi cherehani asiyesikia, aliyesoma shule ya viziwi mkoa mwingine, akamwomba aje kila Alhamisi awafundishe akina mama. Wakubwa wakahoji fundi cherehani ana cheti gani. Akawajibu kwamba Andrea ana lugha, na wale wenye vyeti hawana. Andrea alikuwa mkali: mama akikosea, alimkamata vidole na kuvipanga kama anayenyoosha kola. Yeye ndiye aliyempa Bi. Felomena jina lake la alama, kidole cha shahada kinachotikiswa huku na huku, yaani hapana. Watoto wa wilaya mbili wanamjua kwa jina hilo.

Na yeye mwanafunzi mgumu! Kwa miezi mingi alikuwa akimwita bibi wa Semeni "mbuzi" kwa mikono, kwa sababu ya kuchanganya alama mbili, na hakuna mtu mzima aliyethubutu kumwambia. Aliyemsahihisha ni Semeni mwenyewe, akiwa na miaka mitatu, mbele ya benchi zima: huyu ni bibi, mbuzi yuko nje. Rukaiya alipotafsiri, watu walicheka mpaka machozi. Bibi hakucheka. Alimwita mjukuu wake, akamnyooshea mikono yake miwili, akataka afundishwe papo hapo.

Mwaka 1999 alikuja afisa mmoja kutukagua, akasema mikono inawafanya watoto wavivu wa kusema, kwa hiyo ikatazwe. Bi. Felomena alinyanyua kidole na kulitumia jina lake la alama. Haukupita muda akahamishiwa Ruangwa. Waliomhamisha walidhani mambo yamekwisha. Alipanda lori na benchi moja, akaanza upya huko, kijijini Likunja, na Nachingwea Rukaiya akabaki akiendeleza Alhamisi pamoja na Andrea. Kliniki moja ikawa mbili.

Semeni yuko darasa la saba mwaka huu. Mwalimu wake wa kwanza alileta lalamiko moja tu, kwamba mtoto anauliza maswali mno. Tulifurahi wiki nzima.

Sasa lile jibu. Kliniki ya Alhamisi haipumziki, iwe Nachingwea au Ruangwa. Mtoto aliyezaliwa jana Likunja hajui kama nafasi imejazwa au haikujazwa, na ubongo wake hautamsubiri mtu aamue. Alhamisi ya wiki hii Rukaiya atafungua mlango kama kawaida, na sisi tutakuwa ndani. Anayetaka kutufukuza aje siku hiyo hiyo, awafukuze na akina mama, na tutaomba ajieleze kwa mikono ili watoto nao waelewe.

Mama Ndunguru, asante kwa kugoma. Tunakutakia afya njema, usingizi wa kutosha na wajukuu wasumbufu. Ukisikia huko Mbinga kwamba tumehamishwa, usitusikitikie. Ujue kliniki zimekuwa tatu.

Anselmo Nampesya
Kwa niaba ya wafanyakazi wenzako