Kukata na Kukataa

Niinulieni mto, niwaone nyote wawili. Nthenya, funga mlango. Danson, kaa chini. Tangu asubuhi unasimama hapo kama mgeni. Mimi mama yenu naondoka, na sitaki mpigane yadini kaburi langu likiwa bichi.

Sikilizeni. Nilipoanzisha yadi hii ya vyuma chakavu hapa Voi, watu walicheka: mjane Mkamba anachinja magari! Nikawaacha, simba mwenda pole ndiye mla nyama. Gari bovu tunaliita marehemu, na marehemu hazikwi bila kuoshwa: oili imwagwe pipani, betri itoke, gesi ya AC inyonywe, ndipo moto uguse chuma. Mwanzo wa wiki tunaosha, Alhamisi tunakata, Ijumaa chuma kinapakiwa kwenda Mombasa.

Masika yaliyopita, nikiwa nimelazwa, wewe Danson ulipokea kila kilichokokotwa getini, ukakata marehemu wakiwa na oili na dizeli tumboni. Mvua ikashuka, ikazisomba hadi shamba la jirani. Sukuma wiki ya jirani yetu Mumbe ikanuka dizeli, na watu wa mazingira wakatufungia. Niliumia, mwanangu, we! Lakini sifi na kinyongo, nimekusamehe.

Sasa leseni imerudi, na yule mwenye mabasi anataka kutumwagia mabovu yake yote kwa mara moja. Tutayaoshea wapi? Yadi inaosha mawili kwa wiki, basi yaingie mawili. Tukifungiwa tena hatufunguliwi, na vijana wetu wa kazi watarudi kwao Makwasinyi na Njukini mikono mitupu.

Kwa hivyo mtambo wa kukatia ni wa Danson, na ufunguo wa geti ni wa Nthenya. Usinune! Wewe unajua kukata, dada yako anajua kukataa. Yadi haiishi kwa moja tu.

Hiyo simu ni ya mwenye mabasi? Danson, pokea hapa hapa. Mwambie mawili kwa wiki... Sema kwa sauti, usimung'unye maneno! Anatishia kwenda kwingine? Aende salama... Amekata? Haya. Umefanya kiume, mwanangu, nimefurahi.

Leteni vichwa niwatemee mate ya baraka, kama desturi yetu... mate yenyewe yamekauka. Nthenya, mshike kaka yako mkono. Mumbe mumpelekee mbegu, mpande naye... nyinyi wenyewe. Mungu awape... awape pumzi hii ninayoiacha.

Msikae hapa kunitazama. Nendeni... vijana wanangoja kazi.