Emiliani Luambano Anaweka Msasa Chini, Miaka 38 na Bati Moja la Kopo

Fundi Emiliani Luambano anastaafu leo, Jumamosi tarehe 17 Januari 2026, baada ya miaka thelathini na minane katika gereji yetu ya Lizaboni. Nimeombwa kuandika mimi kwa sababu nawapikia mafundi chai tangu gereji haina ukuta, na kwa sababu nyingine ndogo: nilimzaa.

Darasa langu la saba linatosha kusema ukweli. Songea nzima hakuna anayekwangua rangi ya gari kama yeye. Wengine hukwangua juujuu. Emiliani hushuka mpaka chuma kitupu, anasugua kwa msasa, kisha anafumba macho na kupitisha kiganja juu ya bodi polepole. Kibonde usichokiona wewe, mkono wake unakisikia. Wageni hudhani anasali. Nami husema afadhali, maana kanisani yeye husinzia.

Nyumbani ni mtu mwingine. Mlango wa banda langu la kuku aliahidi kuupaka rangi mwaka aliooa. Sasa wanaoa wanawe.

Sherehe hii ilikuwa ifanyike Desemba. Bosi wetu, Amedeus, alitaka kazi ya mwisho ya Emiliani iwe Peugeot 404 ya Mzee Bartolomeo, ya mwaka 1968, iegeshwe inang'aa mbele ya wageni. Basi Emiliani akaikwangua. Kufika chini ya mlango wa dereva, puti, ule udongo wa kuzibia vibonde kabla ya rangi, ikabanduka kama ganda la muhogo. Ndani kutu tupu, na kipande cha bati chenye picha ya alizeti.

Nikaitwa kutoka jikoni. Nikalijua palepale! Kopo langu la mafuta ya kula, lililopotea mwaka 1989 mpaka nikamsingizia jirani. Aliyelikata na kulizika kwa puti ni Emiliani mwenyewe, alipokuwa fundi wa mwaka mmoja, badala ya kuondoa kutu na kuchomelea bati jipya.

Azizi, mpiga rangi wetu, akamwambia, "Fundi, ongeza puti nipige rangi. Nani atajua?"

Kweli, asingejua mtu. Sherehe ingebaki na tarehe yake, na Emiliani angebaki na jina lake.

Emiliani akanawa mikono, akampigia mwenye gari simu. "Shikamoo, mzee. Gari limeoza chini ya mlango, na aliyeficha ni mimi."

Mzee Bartolomeo akaja, akainama, akalitazama lile bati. "Miaka yote hii," akasema, "naenda Namtumbo najisifu nina chuma cha Mfaransa, kumbe nimekalia kopo la mama yako!" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Haya, kata. Nitasubiri."

Emiliani akakata, akachomelea, akasugua upande mzima upya, kazi ya wiki nne, na sherehe ikasogea mpaka leo. Mimi ni mtu wa kusifia wanangu, majirani ni mashahidi, lakini siku ile ya simu ndiyo naisifia kuliko zote.

Kwa hiyo, wageni wetu, gari mnaloliona hapo nje lina rangi ya chini tu, ya kijivu. Msilicheke. Ndani ni chuma.

Asante, Emiliani baba, kwa kazi yako yote. Mungu akupe uzee wenye afya na usingizi wa kutosha. Azizi anapiga rangi Jumatatu. Usije kumsimamia. Ukija, geti nitalifunga mimi.