Aliyeulizia Kadi ya Mwezi Uliopita

Ndugu, jamaa na marafiki, maneno haya niliagizwa na marehemu mwenyewe. Mimi ni mdogo wake wa mwisho, fundi cherehani, na mkono wangu umezoea sindano kuliko kalamu. Alinisikiliza nikiyasoma akiwa kitandani, akanisahihisha mara mbili, na mahali pamoja tuligombana. Mahali hapo mtapasikia.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa fundi viatu na mkewe. Ubishi alizaliwa nao. Baba alizoea kusema kwamba mtoto huyu ukimwambia kitu kina moto, lazima akiguse kwanza ndipo aamini. Na kweli alikigusa. Kovu lililokuwa kwenye kiganja chake cha kushoto lilitokana na pasi ambayo mama alishamwonya mara tatu asiiguse.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1968, akaendelea na sekondari ya wasichana, na mwaka 1980 akaitwa kwenye usaili wa chuo cha uuguzi. Alipoulizwa kwa nini anataka kuuguza, alijibu, "Kwa sababu mgonjwa nikimuuliza maswali hawezi kunikimbia." Walimu walicheka, wakampa nafasi. Alihitimu mwaka 1983 akiwa wa kwanza katika somo la magonjwa ya watoto, na cheti chake kilining'inia sebuleni kwa baba mpaka karatasi ikageuka rangi.

Tarehe 2 Januari 1984 aliajiriwa katika wodi ya watoto ya hospitali ya mji wetu, na wodi hiyo hakuiacha mpaka alipostaafu karibu miaka thelathini na tisa baadaye. Mwaka 1999 alifanywa msimamizi wa wodi. Vitanda ishirini na nne, dirisha moja lisilofungika, na mafaili yaliyopangwa hata kipofu angeyapata. Wauguzi vijana walimwogopa kwa wiki ya kwanza, kisha wakaanza kumletea matatizo ya nyumbani kwao. Alikuwa mkali, lakini ukali wake haukuwa na kinyongo.

Ndoa yake nayo ililetwa na kazi. Shemeji yetu, fundi wa majokofu, alikuja kutengeneza jokofu la chanjo, akamkuta dada amesimama nyuma yake na daftari akimuuliza kila baada ya dakika tano jokofu limefika nyuzi ngapi. Mtu mwingine angekasirika, yeye akarudi wiki iliyofuata bila kuitwa. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1988. Siku hiyo, wageni wakisubiri keki, bibi harusi hakuonekana. Alipatikana chumba cha nyuma, gauni limekunjwa magotini, akimpima homa mtoto aliyebeba maua. "Mimi nilioa mke," shemeji husema mpaka leo, "kipimajoto nikapewa kama nyongeza." Walijaliwa watoto watatu.

Sasa nimefika pale tulipogombana.

Mwaka 2020 ugonjwa wa virusi uliingia mjini, na hospitali ikafungua kliniki ya muda getini. Kila aliyeugua alipewa kadi ya njano. Akipona, kadi ilipigwa muhuri wa AMEPONA na kuwekwa sandukuni, na akilazwa tena kwa jambo lingine alifunguliwa faili jipya. Utaratibu huo ulibuniwa na marehemu. Aliupeleka mwenyewe mkutanoni na aliuonea fahari, kwa sababu karatasi hazikuchanganyika tena.

Tarehe 21 Septemba mwaka huo alilazwa mtoto wa kiume wa miaka sita, mwana wa mpishi wa shule. Alikuwa na homa ya siku nne, macho mekundu, vipele, na tumbo lilimuuma sana. Mpishi mwenyewe, mama yake, alisema mtoto alipata ule ugonjwa wa virusi mwezi uliopita, ukapita. Marehemu akamjibu, "Hiyo ilishaisha, mama. Tushughulikie hii." Faili lilikuwa jipya na halikusema lolote la nyuma. Walimtibu kama mwenye maambukizi ya tumbo. Presha iliposhuka wakamwongezea maji kwa kasi, kama walivyozoea, na moyo wake uliokuwa umechoka haukuweza kuyabeba. Alifariki siku ya tatu.

Kaka mkubwa alisema habari hii isisomwe, marehemu haanikwi mbele za watu. Nami nilisema vivyo hivyo. Dada akanitazama. "Usiposoma la huyo mtoto, usisome na hayo mengine. Sifa za nusu nusu sizitaki." Mliomjua mnajua kwamba hapo mjadala ulikwisha.

Baada ya kifo kile alimpigia simu daktari bingwa wa watoto wa hospitali ya rufaa, akamsomea faili zima. Ndipo akaelezwa kwamba kuna watoto wachache ambao, hata kama hawakuonyesha dalili, wiki mbili hadi sita baada ya virusi kuondoka, mwili wao wenyewe huwaka. Moyo, mishipa, tumbo na ngozi huvimba kwa wakati mmoja. Yeye aliwaeleza kina mama kwa njia yake: "Askari wamemfukuza mwizi, mwizi kaondoka zamani, lakini askari hawajui kuacha. Sasa wanampiga mwenye nyumba."

Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingeliweza. Alikwenda nyumbani kwa yule mpishi. Mara ya kwanza mlango haukufunguliwa. Mara ya pili ulifunguliwa, naye akasema akiwa amesimama, "Uliniambia. Sikukusikiliza. Kosa ni langu." Mpishi akamwambia, "Basi usiache kumuuliza mwingine." Dada alitoka huko akaja kwenye duka langu, akakaa juu ya marobota ya vitambaa, akalia. Sijawahi kumwona akilia vile, hata siku tuliyomzika mama.

Kesho yake muhuri ulitiwa kabatini na kabati likafungwa. Kuanzia siku hiyo kila mtoto mwenye homa aliyepita mlango wa wodi alikutana na swali moja: "Wiki sita zilizopita, nani aliumwa nyumbani kwenu, na kadi iko wapi?" Vijana wa wodi wakampachika jina la Mama Kadi. Alilipokea kama cheo.

Tarehe 16 Februari 2021 aliletwa binti wa miaka minane, mtoto wa fundi bomba. Homa siku ya tano, tumbo gumu, anatapika. Daktari wa upasuaji aliona ni kidole tumbo, na chumba cha upasuaji kilikuwa kimeshaandaliwa. Marehemu alimshika mtoto mikono, akaikuta ya baridi. Akaangalia macho, mekundu lakini hayana tongotongo. Midomo imepasuka. Akafunua fulana, akaona vipele. Akamuuliza mama swali lake.

"Mtoto hakuumwa, sista," mama alisema. "Aliyeumwa ni baba yake. Yeye alikuwa anacheza tu."

"Lini?"

"Hata sikumbuki. Zamani kidogo."

Marehemu, mwenye umri wa miaka karibu sitini na magoti yake mabovu, alikwenda getini mbio, akamwaga sanduku la kadi sakafuni na kuipata ya fundi bomba. Siku thelathini na moja zilikuwa zimepita. Alirudi akasimama mbele ya mlango wa upasuaji.

"Daktari, kabla hujamchana huyu mtoto, mpime moyo."

"Sista, kidole tumbo hakisubiri."

"Najua. Na nilishawahi kutomsikiliza mtu. Nikikosea leo, niandikie barua ya onyo, nitaitia sahihi mwenyewe."

Daktari alikuwa mtu muungwana. Kipimo cha moyo kilionyesha moyo unapiga kwa udhaifu, na damu ilionyesha uvimbe uliotapakaa mwilini. Upasuaji uliahirishwa, bingwa akapigiwa simu. Mtoto akapewa kupitia mshipa dawa za kutuliza uvimbe, na maji yakapimwa kidogo kidogo, si kwa kasi. Marehemu alikaa pembeni ya kitanda hicho siku mbili akihesabu mapigo na kila tone. Siku ya tatu homa ilishuka. Siku ya nne binti aliomba chai na mkate, kisha akalalamika kwamba chai haina sukari.

Aliporuhusiwa aliambiwa asicheze mpira miezi mitatu mpaka moyo upimwe tena. Alimnunia marehemu kama mtu aliyedhulumiwa. Marehemu alinisimulia kwa furaha, "Mgonjwa akiweza kuninunia, amepona."

Kabla hajastaafu tarehe 31 Desemba 2022, watoto kumi na mmoja walitambuliwa katika wodi ile kwa swali lile, na wote walirudi nyumbani kwao. Hospitali ya rufaa ilimwalika afundishe wauguzi wenzake. Alianza somo lake kwa mtoto wa mpishi, kila mara. Nami nasema mbele yenu, najivunia dada yangu kwa wale kumi na mmoja, lakini zaidi kwa ule mlango aliorudi kuugonga mara ya pili.

Mwezi Agosti 2024 alianza kupungua uzito. Aligundulika ana saratani ya kongosho. Daktari alipokuwa anazungukazunguka na maneno, alimwambia, "Mwanangu, nimewapa watu habari hizi kabla hujazaliwa. Sema." Alitunzwa nyumbani na mumewe, ambaye aliandika kila dawa na saa yake kwenye daftari, bila kuambiwa. Alifariki tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa shemeji.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, kaka mmoja na wadogo watatu. Orodha hii aliiandika mwenyewe, na chini ya wajukuu aliongeza mstari: "Na mama wa mtoto niliyemkosea, akikubali." Nilikwenda jikoni shuleni juzi kumuuliza, nimebeba karatasi hizi. Alikuwa anamenya viazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono na aproni yake.

"Soma lote," alisema. "Mwanangu ndiye aliyemfundisha."

Amekubali. Amekaa hapa, safu ya familia, karibu na shemeji.

Dada, umeuliza vya kutosha. Pumzika kwa amani.