Safari Bila Msiba

Treni ya kutoka Mpanda ilipokaribia Kaliua, Scolastica alikwishafumba macho juu ya gunia lake la maharage, maana mtu aliyelala husikia mengi. Mbele yake abiria mwenzake, bibi Kabula, alilowesha pindo la kitenge kipya kwa mate, akalisugua. Rangi haikutoka.

"Hiki cha bei, Masunga. Na viatu vya ngozi! Umeuza ng'ombe?"

"Mmoja tu, mayu," mwanawe alijibu. "Rahisi ni ghali."

"Na Tabora tunafuata nini?"

"Kutembea. Tutalala kwa mama mdogo, upigwe picha studio, unywe soda ya baridi, turudi. Na wewe uwe na cha kusimulia."

Scolastica alifumbua jicho moja. Nani hupanda treni bila mgonjwa wala msiba? Yeye mwenyewe asingekubali kudanganywa hivyo.

Kabula alikikunja kitenge taratibu. "Alipokufa baba yako mlinifuata kwa wajomba zako na kitenge kipya. Mkasema tunatembea tu."

Treni ikasimama. Masunga alichungulia dirishani kutafuta muuza karanga, lakini bibi alimshika mkono.

"Niambie, mwanangu. Mdogo wangu amekufa lini?"